Hoja ya Abubakar: Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, 2005–2010

Januari 2010 ilipokuwa inakatika, Unguja ilikuwa haijapata umeme wa gridi tangu Desemba 10. Kituo cha Fumba, pale waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni unapotokeza nchi kavu, kilikuwa kimeharibika, na waya wenyewe ulikuwa wa mwaka 1980. Majenereta yalinguruma mbele ya maduka ya Darajani. Mifereji ilikauka, maana pampu za maji zinategemea umeme ule ule, na mashamba watu walirudi kwenye taa za chemni. Giza hilo lingeendelea hadi Machi.

Ni katika siku hizo ambapo Abubakar Khamis Bakary, mwanasheria, Mwakilishi wa CUF kutoka Pemba na Kiongozi wa Upinzani Barazani, alisimama na hoja binafsi isiyohusu umeme. Alitaka Baraza la Wawakilishi liunge mkono maridhiano ya kisiasa na kuweka njia ya serikali ya umoja wa kitaifa baada ya uchaguzi wa Oktoba mwaka huo. CCM ilikuwa na wingi wa kuizima hoja hiyo kabla ya mapumziko ya chai. Haikuizima. Azimio lililotoka lilisema wananchi waulizwe kwanza kwa kura ya maoni, na wakikubali, Katiba ibadilishwe.

Maridhiano ya Zanzibar husimuliwa zaidi kama habari ya watu wawili, Rais Amani Abeid Karume na Katibu Mkuu wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, waliokutana Ikulu Novemba 5, 2009 na kupeana mikono. Masimulizi hayo ni ya kweli ila yana upungufu. Wawili hao hawakuwa wajumbe wa Baraza, na mkono wa mtu haumfungi mrithi wake. Kilichoufanya mkono ule uwe sheria ni Baraza lililokuwa limeshapita miaka minne ya mikwaruzano, chini ya Spika asiyekuwa na makeke, likafanya kazi ya miezi saba ambayo vyama vyenyewe vilishindwa kuifanya kwa zaidi ya mwaka mzima wa vikao.

Zanzibar haikuwa na bahati nzuri na mabaraza ya kutunga sheria. Lile la kikoloni lilianzishwa mwaka 1926, na kwa muda mrefu lilikuwa kikao cha maofisa wa Kiingereza na watu walioteuliwa; uchaguzi wa kwanza haukuja hadi 1957. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliliondoa bunge la uhuru lililokuwa na umri wa mwezi mmoja tu, na kwa miaka 16 iliyofuata Baraza la Mapinduzi ndilo lililotawala na kutunga sheria kwa wakati mmoja. Baraza la Wawakilishi lilizaliwa na Katiba ya 1979 na likakutana kwa mara ya kwanza Januari 1980. Wajumbe wake wa mwanzo hawakuchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Uchaguzi wa moja kwa moja ulikuja na Katiba ya 1984.

Chini ya Katiba hiyo, msimamizi wa shughuli za serikali Barazani alikuwa Waziri Kiongozi. Kati ya 1984 na 1988 kiti hicho kilikaliwa na kijana mmoja wa Pemba aliyeitwa Seif Sharif Hamad, kabla ya kufukuzwa CCM na kuwekwa ndani. Kwa hiyo mtu aliyekuja kuwa mpinzani mkubwa wa serikali aliwahi kuisemea serikali hiyo hiyo katika ukumbi wa Wawakilishi, na akazijua kanuni zake ndani nje.

Vyama vingi vilipokuja, Baraza likageuka kioo cha mpasuko. Oktoba 1995 CCM ilipata majimbo 26 na CUF 24, na Dk. Salmin Amour akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif. CUF haikuyakubali matokeo, na Wawakilishi wake wakasusia vikao. Mwaka huo huo Pandu Ameir Kificho alichaguliwa Spika. Miaka yake ya mwanzo kitini ilikuwa ya kuongoza ukumbi ambao karibu nusu ya viti vya majimbo havikuwa na watu. Ukaja Muafaka wa kwanza kati ya vyama hivyo viwili mwaka 1999, ukavunjika. Uchaguzi wa 2000 ulirudiwa katika majimbo 16 ya Unguja, CUF ikaususia pia, na Januari 26 na 27, 2001 waandamanaji wakapigwa risasi. Mamia kwa mamia ya Wapemba walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wakiwa wakimbizi. Muafaka wa pili ulitiwa saini Oktoba 2001. Wawakilishi wa CUF waliokuwa wamepoteza viti vyao kwa kususia vikao walirudi kwa uchaguzi mdogo wa Mei 2003, chama chao kikishinda viti vingi vya Pemba.

Nje ya ukumbi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Zilipita nyakati, Pemba hasa, ambapo mtu hakununua unga kwenye duka la mwenye kadi ya chama kingine, hakupanda gari yake, na hakwenda kwenye mazishi yake. Kwa Mzanzibari, kutokwenda mazikoni ni jambo zito kuliko matusi ya jukwaani.

Huo ndio ukumbi uliorithiwa na Wawakilishi wa 2005. Uchaguzi wa Oktoba 30 ulimpa Karume muhula wa pili kwa asilimia 53.2, Maalim Seif akapata 46.1. Katika majimbo 50, CCM ilichukua 30 na CUF 19, na uchaguzi wa jimbo moja ukabatilishwa. Ramani yake haikuhitaji maelezo: CUF ilibeba majimbo yote 18 ya Pemba na moja tu la Unguja, Mji Mkongwe. Juu ya wale 50 waliongezwa wanawake 15 wa viti maalum, wajumbe 10 wa kuteuliwa na Rais, wakuu wa mikoa mitano na Mwanasheria Mkuu, jumla 81. Wakuu wa mikoa ni wateule wa Rais pia, kwa hiyo serikali iliingia Barazani ikiwa na mtaji wake mfukoni hata kabla ya kura ya kwanza kuhesabiwa.

CUF ilifanya jambo ambalo haikulifanya 1995. Ilikataa kumtambua Karume kuwa Rais halali, lakini Wawakilishi wake waliapa, wakakaa na kufanya kazi. Hali hiyo ilikuwa na utata wake. Abubakar Khamis Bakary na wenzake waliichambua bajeti ya serikali waliyosema haikuchaguliwa, wakawauliza maswali mawaziri wa Rais wasiyemtambua, na kutaka majibu yatekelezwe. Wapo waliowacheka. Ukiangalia yaliyofuata, uamuzi huo wa kubaki vitini ulikuwa na maana kubwa kuliko hotuba zote za mikutano ya hadhara ya miaka ile, kwa sababu 2010 ilipofika wapinzani walikuwa na watu ndani waliozijua kanuni, kamati na mlango wa hoja binafsi.

Kazi ya kila siku ya Baraza haina mvuto wa magazeti, nayo ndiyo iliyojaza sehemu kubwa ya miaka mitano. Kikao huanza saa tatu asubuhi, Spika akisoma dua. Hufuata maswali na majibu: barabara ya jimbo fulani itatiwa lami lini, kisima kimechimbwa lakini pampu iko wapi, kituo cha afya kina jengo na hakina daktari. Wawakilishi wa Pemba hawakuchoka kuuliza bei ya karafuu, zao ambalo kwa sheria mnunuzi wake alikuwa mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, huku ng'ambo ya pili Mombasa bei ikiwa nzuri zaidi na magendo yakiendelea usiku. Kwenye bajeti hufika wakati wa Kamati ya Matumizi, na hapo silaha ya Mwakilishi wa kawaida ni shilingi moja. Husimama akasema anaizuia shilingi ya mshahara wa Waziri mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Waziri hufafanua, pengine huahidi, na shilingi ikarudishwa. Mgeni anaweza kuona ni mchezo wa kuigiza. Lakini Mwakilishi aliyeishika shilingi ana jambo la kuwasimulia watu wa jimboni kwake, na Waziri aliyeahidi mbele ya kinasa sauti cha Baraza anajua ahadi yake imeandikwa kwenye taarifa rasmi.

Sheria za kawaida zilipita. Mwaka 2006 ilitungwa Sheria Namba 9 kuhusu haki na fursa za watu wenye ulemavu, hatua iliyoitangulia sheria ya aina hiyo upande wa Bara. Nyingine zilipita bila ya kelele na zitajwe tu kwamba zilipita.

Uongozi wa Baraza ulikuwa mikononi mwa watu watatu wasiofanana. Kificho, tayari na miaka kumi kitini, aliongoza kwa kanuni na subira. Hakutafuta umaarufu wa Spika mwenzake wa Dodoma, Samuel Sitta, aliyekuwa akitamba wakati huo na kaulimbiu ya kasi na viwango. Shamsi Vuai Nahodha, Waziri Kiongozi tangu 2000, ndiye aliyeibeba sauti ya serikali. Upande wa pili alikaa Abubakar, mtu wa vifungu. Wanasiasa wengi wa Zanzibar ni mafundi wa jukwaa, wanajua mafumbo na vijembe. Yeye nguvu yake ilikuwa kwenye rasimu: neno gani likae wapi, na likikaa litamfunga nani.

Suala kubwa la miaka hiyo, mpasuko wenyewe, halikuwa mikononi mwa Baraza. Rais Jakaya Kikwete alilitaja katika hotuba yake ya kwanza bungeni, Desemba 30, 2005, na Januari 2007 makatibu wakuu wa vyama viwili, Yusuf Makamba wa CCM na Maalim Seif wa CUF, wakaanza mazungumzo na wajumbe wao, faraghani. Wawakilishi walisubiri habari kama wananchi wengine. Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Butiama, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, ikakubali kimsingi fikra ya kugawana madaraka, kisha ikaongeza sharti: wananchi wa Zanzibar waulizwe kwanza kwa kura ya maoni. CUF iliona hiyo ni danadana, ikakataa. Mazungumzo yakafa. Sharti hilo la Butiama litajitokeza tena miaka miwili baadaye, safari hii likiwa limebebwa na watu wengine.

Cha ajabu, kilichowaleta pamoja Wawakilishi wa vyama viwili hakikuwa maridhiano. Kilikuwa Muungano. Julai 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, akijibu swali bungeni Dodoma, alisema Zanzibar si nchi. Nchi ni Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Visiwani jibu hilo lilipokewa kama tusi. Barazani wajumbe wa CCM na wa CUF walisikika wakisema lugha moja, na serikali ikabanwa itoe kauli.

Jibu la Pinda lilikuwa na mguu wa kisheria ambao wengi hawakupenda kuutazama. Mwaka 1997 na 1998 watu 18 wa CUF walikamatwa na kushitakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Walisota rumande mpaka Novemba 2000. Mwezi huo huo Mahakama ya Rufani iliamua kwamba uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na Zanzibar ndani ya Muungano si dola ya aina hiyo.  Yaani hoja iliyowakinga watu wa CUF na shitaka la uhaini ni ile ile ambayo miaka minane baadaye chama hicho kilikuwa mstari wa mbele kuipinga. Siasa za Zanzibar zina mizunguko ya namna hii, na ndiyo maana wakati Baraza lilipopata nafasi ya kuandika neno "nchi" kwenye Katiba, halikuiacha ipite.

Mafuta yalifuata. Mafuta na gesi asilia viliingizwa kwenye orodha ya mambo ya Muungano mwaka 1968, na Wazanzibari wengi wamekuwa wakilalamika kuwa nyongeza hiyo haikuwamo katika Hati ya Muungano ya 1964. Aprili 2009 Baraza lilijadili ripoti ya washauri iliyowasilishwa na Waziri wa Maji, Ujenzi, Nishati na Ardhi, Mansoor Yussuf Himid, na likaazimia kwamba mafuta na gesi viondolewe katika orodha hiyo. Hapakuwa na tone moja lililochimbwa, lakini azimio lilikuwa na uzito wa kisiasa. Waziri wa CCM alisema, wapinzani wakapiga makofi. Watu waliokuwa wakitazamana kama maadui walikuwa wamegundua kwamba wanaweza kupiga kura pamoja na mbingu zisianguke.

Nje, hata hivyo, damu ilikuwa karibu. Daftari la wapiga kura lilianza kuandikishwa upya mwaka huo huo wa 2009, na ili uandikishwe ulipaswa kuonesha kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kadi iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 7 ya 2005. Huko Pemba watu wengi walisema masheha, yaani wakuu wa shehia zao, wamewanyima barua za kupatia kadi hiyo kwa sababu ya chama chao. Zikazuka vurugu vituoni, askari wakapelekwa, uandikishaji ukasimamishwa. Kila aliyeikumbuka Januari 2001 aliona njia inaelekea wapi.

Karume alikuwa na sababu zake za kuchoka. Muhula wake ulikuwa wa mwisho, hakuwa na kura ya kutafuta tena, na aliongoza visiwa ambavyo karibu nusu ya watu wake hawakumwita Rais. Maalim Seif alikuwa ameshagombea mara tatu. Walipokutana Novemba 5, 2009, taarifa yao ilikuwa fupi. Siku mbili baadaye, katika mkutano wa hadhara Kibandamaiti, Maalim Seif alitangaza kwamba CUF sasa inamtambua Karume, na umati wake mwenyewe ukamzomea. Maskani za CCM nazo, zile barza za mitaani zenye ubao wa kuandika maneno ya siku, maarufu kuliko zote ikiwa Kisonge pale Michenzani, hazikuwa na furaha ya ziada.

Viongozi wawili walikuwa wamekubaliana juu ya vichwa vya vyama vyao, na hakuna kati yao aliyekuwa na chombo cha kuyaweka makubaliano hayo katika maandishi. Kamati ya vyama ingewarudisha Butiama. Amri ya Rais isingeweza kubadili Katiba. Ikabaki njia moja, na Abubakar akaijua.

Hoja binafsi ilikuwa na faida ambayo hoja ya serikali isingekuwa nayo. Serikali ingeleta muswada, Wawakilishi wa CCM wasioutaka wangelazimika kwenda kupigana na chama chao kwanza. Hoja ya mpinzani iliwaachia nafasi ya kujadili, kurekebisha na kuweka masharti, na mwisho waseme wameifanya yao. Fikra ya kusogeza mbele uchaguzi na kumwongezea Karume muda ilikuwa ikizungumzwa hadharani wakati huo; haikufika popote. Kilichopita kilikuwa kigumu zaidi kukipinga: uchaguzi ubaki Oktoba, wananchi waulizwe kabla, na mfumo mpya uanze baada ya uchaguzi. Sharti la Butiama, lililoua mazungumzo ya 2008, ndilo lililoyaokoa ya 2010. Tofauti ilikuwa kwamba mara hii kura ya maoni ilikuwa na tarehe, sheria na kamati, wakati ile ya Butiama ilikuwa mlango uliofungwa kwa adabu.

Baraza liliunda kamati ya wajumbe sita kutoka vyama vyote viwili, mwenyekiti wake akiwa Ali Mzee Ali wa CCM, kusimamia utekelezaji. Kisha ikatungwa Sheria ya Kura ya Maoni, Namba 6 ya 2010. Katika daftari la sheria za mwaka huo jirani yake, Namba 7, ni Sheria ya Uvuvi; ndivyo mabaraza yanavyofanya kazi, jambo la kubadili historia likipangwa kwenye foleni moja na kanuni za nyavu.

Miezi iliyofuata wajumbe wa kamati walipita shehia kwa shehia, wa CCM na wa CUF kwenye jukwaa moja, jambo ambalo mwaka mmoja nyuma lingehitaji polisi. Kura zilipigwa Julai 31, 2010. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 66.4, waliosema hapana asilimia 33.6. Pemba iliitikia kwa wingi. Baadhi ya majimbo ya Unguja yalikataa. Theluthi moja ya kukataa si jambo dogo, na siku ile haikupewa usikivu uliostahili. Watu hao hawakuwa wapenda fujo. Wengi wao waliamini kwamba Mapinduzi ya 1964 yalikuwa yanatiwa rehani, na hakuna kamati iliyokwenda kukaa nao chini baada ya matokeo.

Baraza lilirudi kazini Agosti. Kwa sheria ya kawaida CCM ilitosha peke yake. Katiba inataka theluthi mbili ya wajumbe wote, yaani kura 54 kati ya 81. Marekebisho ya Kumi ya Katiba yalipita.

Yaliyomo yanastahili kusomwa polepole, maana yalizidi yale yaliyoulizwa kwenye karatasi ya kura. Cheo cha Waziri Kiongozi kilifutwa. Mahali pake wakawekwa Makamu wawili wa Rais: wa Kwanza kutoka chama kilichoshika nafasi ya pili, wa Pili kutoka chama cha Rais, na huyu wa Pili ndiye akawa msimamizi wa shughuli za serikali Barazani. Mawaziri waligawanywa kwa uwiano wa viti vya majimbo. Viti maalum vya wanawake vilipanda kutoka asilimia 30 hadi 40 ya majimbo, yaani kutoka 15 hadi 20, badiliko ambalo magazeti yalilipitia kwa mstari mmoja ingawa liliwaathiri watu wengi kuliko cheo cha Makamu.

Halafu kuna vifungu vya mwanzo kabisa. Kifungu cha 1 kilitamka kwamba Zanzibar ni nchi, na kikataja mipaka yake: Unguja, Pemba na visiwa vidogo vinavyovizunguka. Kifungu cha 2 kilisema ni miongoni mwa nchi mbili zilizounda Jamhuri ya Muungano. Kingine kilimpa Rais wa Zanzibar uwezo wa kuigawa Zanzibar katika mikoa na wilaya, madaraka ambayo Katiba ya Muungano iliyaweka kwa Rais wa Muungano kwa kushauriana naye. Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Zanzibar kuhusu haki za binadamu ukafanywa wa mwisho, usipelekwe Mahakama ya Rufani. Na kifungu cha 80A kikafunga mlango: mambo hayo ya msingi yasibadilishwe tena bila ya kura ya maoni ya Wazanzibari.

Jibu kwa Pinda lilikuwa limechukua miaka miwili, likaja likiwa na namba ya kifungu. Wanasheria wa Bara walilalamika kwamba Katiba mbili za nchi moja sasa zinapingana waziwazi, na walikuwa sahihi. Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Muungano, chini ya Jaji Joseph Warioba, iliyataja Marekebisho ya Kumi katika hoja zake za kutaka muundo wa serikali tatu. Warioba alipowasilisha rasimu yake mbele ya Bunge Maalum la Katiba mjini Dodoma, Machi 2014, kiti kilikuwa kimekabidhiwa kwa Samuel Sitta siku chache tu nyuma. Mwenyekiti wa Muda aliyemkabidhi alikuwa Pandu Ameir Kificho.

Uchaguzi wa Oktoba 31, 2010 ulimalizika bila ya mazishi ya kisiasa. Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1, tofauti ya kura ambayo miaka ya nyuma ingeuwasha moto mji mzima. Maalim Seif alikubali matokeo usiku ule ule wa kutangazwa na akaapishwa Makamu wa Kwanza. Abubakar Khamis Bakary akawa Waziri wa Katiba na Sheria.

Hapo ndipo palipokuwa na gharama. Abubakar alipohamia upande wa serikali, Baraza jipya lenye Wawakilishi 28 wa CCM na 22 wa CUF kutoka majimboni halikuwa na upinzani rasmi. Nani aishike shilingi ya Waziri wakati vyama vyote viwili viko Barazani na serikalini? Wakajitokeza wajumbe wa viti vya nyuma, kutoka CCM na CUF, wakafanya kazi hiyo kwa ushujaa wao binafsi bila ya ofisi wala cheo. Mansoor Yussuf Himid, aliyeendelea kusema aliyoyaamini kuhusu mafuta na Muungano, alifukuzwa CCM mwaka 2013 na kupoteza kiti chake. Azimio lake la 2009 lilikuja kupata njia mwaka 2015, Sheria ya Petroli ya Muungano ilipoiachia Zanzibar isimamie mafuta na gesi yake kwa sheria yake yenyewe, na Baraza likaitunga sheria hiyo mwaka uliofuata.

Pengo jingine lilikuwa ndani ya rasimu. Waandishi wa Marekebisho ya Kumi walimfikiria mshindwa atakayekubali kuingia serikalini. Hawakumfikiria anayekataa kuingia kwenye uchaguzi wenyewe. Oktoba 28, 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi kabla ya matokeo kukamilika. CUF iliususia ule wa marudio wa Machi 20, 2016, Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa miaka minne bila ya mtu, Katiba ikiwa vile vile. Maalim Seif alikirudia Desemba 2020 kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Alifariki Februari 17, 2021, na mrithi wake akawa Othman Masoud Othman, mwanasheria aliyepoteza kazi ya Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar mwaka 2014 kwa kupiga kura ya hapana kwa baadhi ya vifungu katika Bunge Maalum la Katiba.